Mkalimani wa Mumbuni na Sinema ya Mto

Watu wa Mumbuni walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa uso. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, shingo nyembamba. Ukimkuta njiani hungegeuka kumtazama mara ya pili. Lakini akifungua mdomo, hata ng'ombe wa jirani waliacha kutafuna. Jina lake sitaliandika hapa. Sisi wote tulimwita Mkalimani, na yeye mwenyewe aliitika.

Mimi nilikuwa na ukumbi, yeye alikuwa na mdomo, na kwa miaka mingi tulifanya kazi pamoja. Kwa hivyo habari zake nina haki nazo kuliko hao watakaohutubia mazishini kwake. Ninaandika kwa sababu ya jambo moja. Mtu huyu alisema maneno ya watu wengine maisha yake yote, lakini kulikuwa na neno lake mwenyewe ambalo mkewe alilingoja, na hakulisema. Halafu uvimbe ukamwota kooni, na daktari akasema sauti itatolewa yote.

Ukumbi wenyewe niliujenga kwa mikono hii. Shule niliacha darasa la tatu. Nilichoma matofali, nikauza mchanga, nikainua ghala la mahindi. Mwaka mahindi yalipokosekana ghala lilibaki tupu, ndipo Mkalimani akaja na mashine ya sinema aliyoinunua kwa Mhindi mmoja aliyekuwa akifunga biashara yake mjini. Tuliziba madirisha kwa magunia, tukatundika shuka jeupe ukutani, na Jumapili watu wakitoka kanisani waliingia na nguo zao za ibada, kina mama na vitambaa vya kichwa, wazee na fimbo.

Sinema zilikuwa za Kiingereza, na Kiingereza kilikuwa cha wachache. Mkalimani alipunguza sauti ya mashine, akasimama nyuma kabisa, akatusemea juu ya vichwa vyetu. Hakusema, "Huyu bwana anasema ana njaa." Alisema, "Mimi nina njaa!" Kila mtu kwenye shuka alikuwa yeye. Mwanamke akilia, alilia yeye. Mtoto akiita mama, aliita yeye. Ukikaa kidogo ulisahau kabisa kwamba kuna mtu nyuma yako. Uliona tu Wazungu wakizungumza Kiswahili chenye Kikamba ndani, kama watu waliozaliwa bonde la pili.

Askari wa kwenye sinema, Mkalimani aliwapa sauti ya chifu wetu wa wakati ule, na ile namna yake ya kukohoa kabla ya kutoa amri. Ukumbi ulivunjika mbavu. Chifu alikuja kwangu amekasirika.

"Mwambie huyo mtu wako aache kunichezea."

"Chifu, anayekohoa ni Mzungu."

"Mzungu gani anakohoa kama mimi?"

Mkalimani aliitwa, akasimama mbele yake kwa heshima zote. "Mzee, mimi sisemi kitu. Mimi ninasemea tu."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Ukimlaumu kwa lolote alilotamka, alikujibu hivyo hivyo: mimi sisemi, ninasemea.

Kanisani ilikuwa vile vile. Mhubiri akija kutoka mbali, Mkalimani ndiye aliyesimama kando yake mkutanoni na kugeuza maneno kuwa Kikamba. Mhubiri akisema, "Mimi nilikuwa mlevi, nilikuwa mzinzi," Mkalimani naye anapaza sauti, anapiga kifua, kwamba yeye alikuwa mlevi, yeye alikuwa mzinzi. Nimemsikia akiungama dhambi za wanaume wa kila aina. Watu walitokwa na machozi. Akimaliza alikunja kitambaa chake, akakanyaga baiskeli yake kwenda nyumbani kula.

Na uongo aliuchukia, hilo nalo niliseme. Mhubiri mmoja alisema mbele ya mkutano mzima kwamba amewahi kumfufua maiti. Mkalimani hakulitafsiri. Alimgeukia yule mgeni, akamwuliza kwa Kiingereza, kisha akatugeukia sisi na kutuambia swali lake: "Nimemwuliza, wapi? Nangoja anijibu ndipo niwaambie." Mhubiri alitabasamu, akarukia habari nyingine. Tangu siku hiyo watu walimwamini Mkalimani kuliko wahubiri.

Sasa huyo mtu mwenye kuchukia uongo ndiye aliyekaa na uongo mmoja nyumbani kwake kama mtu anayekaa na nyoka chini ya kitanda, anampitia pembeni kila asubuhi.

Mkewe ni mwanamke mrefu kumpita, mwenye maneno machache. Tunamwita Mama Mwende. Mwende alikuwa mtoto wao wa kwanza, msichana, alikufa hajaanza shule. Walipata wengine baadaye, wote wazima, mmoja ni muuguzi, lakini jina la mama halikubadilika. Kila anayemsalimu njiani anamtajia jina la mtoto huyo.

Siku Mwende alipozidiwa na homa, Mkalimani alikuwa safarini. Wakati ule alikuwa na pikapu kuukuu aliyobebea mashine na jenereta, akizunguka masoko ya Yatta, na pikapu hiyo ndiyo ilikuwa gari la pekee upande wetu. Alikuwa amesema anakwenda Katangi kuonyesha sinema, na kesho yake asubuhi atakuwa nyumbani. Asubuhi hakuja. Mchana hakuja. Mama Mwende alimfunga mtoto mgongoni, akashika njia ya hospitali kwa miguu. Alifika akiwa amebeba maiti.

Mkalimani alifika siku iliyofuata. Alipoambiwa aliketi chini uani, kwenye vumbi, na kitu alichosema ni hiki: "Mto ulikuwa umejaa. Mto ulinizuia."

Hapa nieleze kwa msomaji asiyejua kwetu. Mito yetu mingi ni ya mchanga. Inakaa mikavu miezi na miezi, kina mama wanachimba visima ndani yake, magari yanapita juu yake. Kisha mvua inanyesha huko juu milimani ambako huoni, na mto unakuja na jua likiwaka, maji mekundu yamebeba miti. Gari likikuta hivyo linangoja. Kwa hivyo mtu wa kwetu akisema mto ulimzuia, humwiti mwongo, hata kama shambani kwako hakujadondoka tone. Ni udhuru ambao hakuna anayeupima. Na yeye alijua hivyo.

Sasa nije kwa ile sinema.

Alikuwa nazo nyingi, za farasi, za vita, za mtu mnene anayeanguka. Lakini moja aliirudia kila mwaka, mpaka kanda zikaanza kukatika. Ilikuwa ya Uingereza, ya zamani hata wakati ule, haina rangi, na mvua inanyesha kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sisi tuliiita sinema ya mto.

Kulikuwa na bwana mmoja mwenye duka la kutengeneza saa. Ana mke mpole anayefuma sweta, na ana mwanamke mwingine pembeni. Jioni moja yuko ndani ya gari kando ya mto na huyo mwanamke wa pembeni. Shemeji yake, ndugu wa mkewe kabisa, anapita juu ya daraja, anateleza, anaanguka majini, anaita. Bwana anamsikia. Akishuka kumwokoa, watu wataulizana alikuwa akifanya nini pale na mke wa mtu. Basi anashika kile kishikio cha mlango, anazungusha polepole, anapandisha kioo cha dirisha mpaka sauti ya shemeji inakatika.

Ukumbi mzima ulisimama. Kila mwaka ulisimama, ingawa kila mtu alijua. "Shuka! Shuka wewe! Asa, mbwa huyu!" Mama mmoja aliwahi kurusha kiatu, kikapiga shuka pale pale kwenye uso wa yule bwana.

Baada ya hapo ni woga. Bwana anamshika mkewe mkono kwenye mazishi ya nduguye. Askari mzee anakuja dukani kila wiki na saa ile ile imeharibika, hamwulizi kitu, anaketi tu na kumtazama akiitengeneza. Bwana hali, halali, akisikia maji ya bomba anaruka. Mpaka mwisho, ambapo yuko mezani na mkewe, mkewe anamimina chai, na yeye anaanza kusema.

Na hapo Mkalimani alinyamaza.

Kila mwaka, pale pale. Alichukua kikombe chake cha maji, akanywa pole pole, akaacha Kiingereza kiendelee peke yake mpaka taa za ukumbi zinawaka. Watu walidhani amechoka. Waliosoma walinung'unika.

"Mkalimani, mbona hapo unatunyima?"

"Hapo hata kipofu anaelewa."

"Mimi sielewi."

"Basi wewe nenda nyumbani ukamwulize mke wako."

Watu walicheka, wakatoka. Miaka yote hiyo hakuna mtu wa Mumbuni aliyesikia kwa lugha yake maneno ambayo yule bwana alimwambia mkewe. Mimi mwenyewe nilimwuliza mara moja, tukikunja magunia.

"Mbona kila mwaka hii hii? Watu wamechoka nayo."

"Watu wanaitaka."

"Watu gani? Leo viti vya mbele vilikuwa vitupu."

Alikunja gunia lake vizuri, kona kwa kona. "Basi ni mimi ninayeitaka," akasema.

Mama Mwende hakuwahi kuingia katika ukumbi wangu. Sikumwuliza sababu. Lakini siku moja alikuja uwanjani kwangu kuchagua matofali ya jiko lake. Alikuwa akiyagonga moja moja kusikia kama yameiva, na akiwa bado anagonga, bila kuniangalia, akasema:

"Wewe unauza mchanga. Mito unaijua."

"Naijua, Mama."

"Ile siku ya mtoto wangu, ulisikia mto umejaa?"

"Nilisikia kwa mzee wako."

"Mwingine?"

Nilifikiri. "Mwingine, hapana."

"Kulikuwa na mama mmoja wa Katangi anayesuka vyondo. Alikuja kwa matanga siku hiyo hiyo aliyorudi mzee. Kwa miguu, akivuka mto ule ule. Mimi ndiye nilimpa maji ya kunawa." Aligonga tofali, akaliweka kando. "Miguu yake ilikuwa na vumbi. Vumbi mpaka hapa gotini. Tope hakuna."

Yeye akaendelea, sauti ile ile ya mtu anayenunua matofali.

"Mzee alikuwa Matuu kwa mwanamke mmoja anayeuza maembe. Alikaa siku mbili. Watu waliniambia baadaye, lakini mimi nilikuwa nimeshaambiwa na hiyo miguu."

"Na humwulizi?"

"Nikimwuliza atanijibu. Mimi sitaki jibu. Nataka aniambie."

"Akikosa kukuambia?"

"Tutazeeka." Alifuta vumbi mikononi. "Na wewe usimwambie najua. Ukimwambia utakuwa umemsemea. Huyo amesemea watu wa kutosha, hakuna haja na yeye asemewe."

Sikumwambia. Siyo kwamba nilikuwa mwoga. Mimi siogopi mtu. Niliona ni mali ya huyo mama, na mali ya mtu siigusi.

Tangu hapo nilimtazama Mkalimani kwa jicho lingine, na mambo ambayo zamani niliona ni vituko vyake nikaanza kuyaelewa. Hakuvuka mto mkavu bila kusimama. Hata tukiwa na haraka, hata ukiwa mchanga mtupu wenye nyayo za mbuzi, alisimama ukingoni, akaangalia upande wa milimani, kisha akavuka akiwa ameinamisha kichwa. Hakula kabla mkewe hajaketi. Wanaume wenzake walimcheka kwa hilo. "Umekaliwa, Mkalimani!" Alicheka pamoja nao, na muthokoi ukapoa kwenye sahani mpaka Mama Mwende aje. Ile pikapu aliiuza mwaka ule ule wa msiba na hakununua gari tena. Mtoto yeyote mtaani akiwa na homa, yeye ndiye aliyekuja kunigongea nitoe lori la mchanga nililokuja kununua baadaye. Mtoto wangu mimi aliwahi kumbeba mwenyewe mpaka hospitali, akakimbia nje ya chumba mtoto alipodungwa sindano, nikamkuta ameshika ukuta.

Alikuwa mume mzuri. Hilo ndilo linanisumbua mpaka leo. Alilipa kwa kila kitu isipokuwa kile kitu chenyewe alichodaiwa, nacho hakikuwa kitu cha kununuliwa. Kilikuwa kufungua mdomo tu, na mdomo ndio alikuwa nao.

Sinema zilikufa. Video zikaja, kisha simu, na ukumbi wangu sasa umekodishwa na watu wa maombi wenye spika kubwa. Kanda zake zililiwa na joto. Tukazeeka, kama Mama Mwende alivyosema.

Kisha sauti yake ikaanza kukwaruza. Tulidhani ni vumbi. Binti yake muuguzi alimpeleka Nairobi, na walirudi na habari kwamba ni uvimbe, utatolewa, na sauti itakwenda nao. Siku ilipangwa. Nilikwenda kumtembelea mchana, siku moja kabla.

Nilimkuta sebuleni, blanketi magotini, runinga inawaka. Mama Mwende alikuwa kwenye kiti chake, anachambua maharagwe kwenye uteo.

"Karibu," akaniambia. "Umekuja wakati mzuri. Binti yangu ametafuta ile sinema yenu huko kwenye mtandao, ameipata. Mzee ataniambia wanasema nini."

Nilimtazama Mkalimani. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeitwa mbele ya baraza.

"Mama Mwende, koo linauma," akasema.

"Najua. Kesho halitauma tena. Leo nisemee. Umesemea Mumbuni yote, mimi sijawahi."

Basi akaanza. Sauti ilikuwa imebaki nyembamba kama uzi, lakini kazi aliijua. Alikuwa bwana wa saa, akawa mke mpole, akawa askari mzee, na kikohozi cha chifu bado kilikuwemo. Mimi nikacheka, Mama Mwende naye akatabasamu kidogo. Tulipofika kwenye gari kando ya mto, na kile kioo kinapanda, hakuna aliyepiga kelele. Mama Mwende aliacha kuchambua. Mkono wake ulikaa ndani ya maharagwe.

Ikafika meza. Ikafika chai. Mkalimani akanyoosha mkono kuchukua kikombe cha maji.

Mama Mwende aliinuka, akakichukua yeye kwanza, akakiweka juu ya kabati. "Maji baadaye," akasema, akarudi kuketi.

Yule bwana wa saa alikuwa ameshaanza kusema. Mkalimani alifumba macho. Kisha nikasikia, baada ya umri wote huu, maneno ambayo ukumbi wangu haukuwahi kuyasikia.

"Mke wangu. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa ndani ya gari na mwanamke mwingine. Nilimsikia akiita. Ningeweza kushuka. Sikushuka, kwa sababu niliogopa utajua."

Kwenye runinga, bwana aliweka mikono usoni. Mkewe bado ameshika birika. Hakuna aliyesema kitu pale, mvua tu dirishani. Lakini hapa sebuleni sauti iliendelea.

"Nilikuwa nimesema nitarudi asubuhi. Sikurudi. Mto..."

Akakwama. Nilidhani ni ugonjwa.

Mama Mwende alikuwa akimtazama yeye, siyo runinga.

"Mzungu amenyamaza, Baba Mwende," akasema. "Sasa endelea wewe."

Nilichukua kofia yangu. Nikiwa mlangoni nilisikia, "Mto haukuwa na maji. Nilikuwa Matuu," kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia hata siku moja, ndogo, haina chifu ndani yake, haina mhubiri, haina mtu mwingine yeyote. Nilifunga mlango. Yaliyofuata ni yao, sikuyauliza na sitayauliza.

Walimpasua kesho yake, akapona.

Nilimtembelea wiki mbili zilizopita. Ameketi nje ukutani, kitambaa shingoni, na kutoka kinywani mwake hakuna kitu, hata mnong'ono. Anazungumza kwa mikono, na mikono yake ina fujo, inaruka kila upande. Mimi sikuambulia hata neno. Mama Mwende alikuwa kando yake na uteo wake.

"Unaendeleaje, mzee?" nikamwuliza.

Mikono ikaruka. Mama Mwende hakuinua macho.

"Mimi niko mzima," akasema. "Wewe ndiye umenenepa. Keti chini."

Nilichelewa kuelewa. Kisha nikaketi.

Mikono ikaenda tena, ikaonyesha kikombe. "Hii chai haina sukari," akasema Mama Mwende, sauti kavu kabisa. "Mke wangu ananinyima. Ukija tena niletee kwa siri."

Mkalimani alicheka bila sauti, mabega yakitikisika. Tukakaa hivyo, tukazungumza habari za mvua, za bei ya mahindi, za chifu marehemu. Mimi nilisema, mikono ikajibu, na mama akasema, mimi hivi, mimi vile, bila kukosea hata mara moja.

Nilipotaka kuaga, Mkalimani aligeuka akamtazama mkewe. Mikono ilikwenda polepole safari hii. Alionyesha kifua chake, akaonyesha mbali, upande wa Yatta, akashusha kiganja karibu na ardhi, kimo cha mtoto mdogo. Kisha akangoja.

Mama Mwende aliacha maharagwe. Alimshika ile mikono miwili, akairudisha juu ya blanketi, akaifunika kwa mkono wake.

"Hiyo siisemi," akamwambia. "Hiyo ulishaisema mwenyewe."